Hofu ya Mwenye Kuuguza na Deni la Walio Wazima

Lipo suali moja kongwe ambalo hurejea kila zama maradhi ya kuambukiza yanaposhuka juu ya nchi, nalo ni hili: je, mtu anayeogopa amepungukiwa na imani? Suali hili huulizwa misikitini na makanisani, huulizwa barazani na kando ya moto wa boma, na aghalabu hujibiwa kwa haraka na watu ambao ajali haikuwaweka karibu na kitanda cha mgonjwa. Mimi napenda kulitazama kutoka upande wa mtu ambaye hupita bila kutajwa katika habari za misiba ya namna hii, yaani mwanafunzi wa uuguzi. Kwa maana yeye si raia wa kawaida ambaye sheria na busara vyamruhusu kujitenga na maradhi, wala bado si muuguzi aliyekwisha kula kiapo, akaandikwa katika daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga, akapata leseni, mshahara na sauti. Yu katikati: ana wajibu wa kumsogelea mgonjwa, lakini hana mamlaka ya kuamuru lolote, na apatwapo na hofu huambiwa kwamba dawa yake ni subira. Nakusudia kusema juu ya subira hiyo, na juu ya nani aliye na haki ya kuidai kwake.

Nalitafakari jambo hili kwa kuielekea Olbalbal, kata ya Wilaya ya Ngorongoro katika Mkoa wa Arusha, kwa sababu katika nchi ile mambo mengi yanayofichika mijini huonekana dhahiri. Olbalbal ni bonde lililo chini ya milima ya Ngorongoro, mahali ambapo mto wa msimu upitao katika korongo la Oldupai hukoma, na maji yake hutandaa kisha yakakauka.  Wenyeji wake ni Wamasai wafugaji, ambao kwa masharti ya Hifadhi ya Ngorongoro hawaruhusiwi kulima, hata unga wa ugali na uji wa watoto hununuliwa kwa fedha ya mbuzi na ng'ombe. Kumtoa mtoto katika boma la namna hiyo, akamaliza sekondari, kisha akaenda chuoni miaka mitatu kutafuta stashahada ya uuguzi, ni kazi ya ukoo mzima. Na mtoto huyo anapoondoka huwa amechukua matumaini ya watu ambao tiba kwao ni safari, ama ya kwenda hospitali ya Endulen, ama ya kupanda hadi ukingo wa kreta na kuteremka upande wa pili mpaka Karatu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutenga kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, kwa kuadhimisha miaka 200 tangu azaliwe Florence Nightingale tarehe 12 Mei 1820. Na siku hiyo ya Mei ndiyo ambayo kila mwaka wauguzi wa nchi yetu huwasha mishumaa na kukariri kiapo chao, huku wanafunzi wakitazama na kuihesabu miaka iliyobaki kabla ya zamu yao kufika. Kabla siku haijafika, tarehe 11 Machi, shirika hilo hilo lilitangaza kwamba maradhi ya korona yamekuwa janga la dunia. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini, Mtanzania aliyekuwa ameteremka siku iliyotangulia katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Na katika siku mbili zilizofuata shule na vyuo vikafungwa, visifunguliwe tena vyuo mpaka tarehe 1 Juni. Mwaka huo watalii walioingia nchini, ambao mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, walishuka hadi 620,867, na katika Ngorongoro, ambako fedha ya wageni hupita katika mikono mingi kabla ya kuwa karo ya mtoto, upungufu huo haukuwa habari ya vitabuni. Basi mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani alirudi na masomo yaliyokatika katikati, karo isiyojulikana itatoka wapi, na hofu ambayo hakuwa na pa kuiweka.

Dhiki ya kwanza ilimpata mlangoni. Desturi ya Wamasai yamtaka mtoto na kijana, amsalimupo mzee, ainamishe kichwa, na mzee amwekee kiganja utosini. Ni salamu, ni dua, na ni uthibitisho wa nasaba kwa wakati mmoja. Tumfikirie binti anayerejea Olbalbal mwezi wa Machi, ametoka mjini kwa basi lililojaa watu, na chuoni amefundishwa kwamba aliyeambukizwa huweza kuwaambukiza wengine kabla hajaona dalili yoyote, na kwamba maradhi haya huwaelemea wazee kuliko vijana. Bibi yake ametoka nje, amenyosha mkono, angoja kichwa cha mjukuu. Akiinama, elimu yake itamsuta usiku kucha; akisita, atakuwa amemvunjia heshima mtu anayempenda kuliko wote, mbele ya jamaa waliouza mifugo ili aipate elimu hiyo hiyo. Wenzake waliorudi Mbulu, Moshi au Tanga walikutana na mitihani ya sura nyingine lakini ya jinsi moja. Na uchunguzi mwingi uliofanywa miaka ile katika nchi mbalimbali ulithibitisha kwamba miongoni mwa hofu kubwa za wanafunzi wa uuguzi ilikuwa hofu ya kuwa wao ndio watakaoyachukua maradhi kuyapeleka kwa aila zao. Mtu mwenye hofu ya namna hii, anayemwogopea mwenzake kabla ya nafsi yake, ni taabu kumwita dhaifu wa imani. Kwani kitu anachokitetemekea ni uhai wa aliyeamriwa kumpenda.

Dhiki ya pili ni kulijua lipasalo kutendwa na kukosa cha kulitendea. Mwanafunzi huyu amefundishwa kunawa mikono kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda usiopungua sekunde 20, kiganja kwa kiganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, ncha za kucha, mpaka vifundoni. Lakini nyumbani kwao maji wakati wa kiangazi huja kwa punda, katika madumu yaliyofungwa ubavuni, kutoka mahali pa mbali, na dumu moja lina kazi ya chungu, ya ndama aliye dhaifu na ya mtoto mchanga kabla halijafikiriwa kwa kunawia. Akiwahimiza watu wa boma wanawe mara kwa mara, husema kweli. Nao wakimwuliza maji yatoke wapi, husema kweli vilevile. Elimu humpa mtu macho ya kuiona hatari, wala haimchimbii kisima. Na roho huchoka upesi inapolazimika kuitazama kila siku hatari ambayo mikono haiwezi kuiondoa.

Vyuo vilipofunguliwa dhiki ilihamia wodini. Huko mwanafunzi huingia zamu ya usiku nyuma ya muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi. Hupima joto, mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu, huandika katika faili, hubadili shuka, humgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala, na pengine haya yote huyafanya akiwa na barakoa moja ya kitambaa aliyoifua jana na kuianika dirishani mwa bweni. Hesabu za wagonjwa zilikoma kutangazwa mwisho wa Aprili 2020, na kwa muda wa zaidi ya mwaka watu waliugua na kuzikwa kwa jina la changamoto ya upumuaji. Kwa hiyo mwanafunzi alimkaribia mgonjwa anayekokota pumzi pasina kujua kwa yakini ni maradhi gani yaliyo mbele yake. Fauka ya hayo, mwanagenzi wa kazi yoyote hujifunza kwa kukosea na kusahihishwa, na katika siku za salama kosa la kuvaa glavu au kuivua vibaya humpatia karipio la mwalimu tu. Katika siku za janga kosa hilo hilo huweza kumrudia yeye, au mgonjwa wa kitanda cha pili, au watu wa nyumbani kwao, na fikira hii humfuata hadi kitandani akakosa usingizi alioupata kwa jasho.

Katika hali hiyo ndipo huja nasaha. Mtu mwema, ambaye kwa hakika amtakia kheri, humwambia kwamba mwamini haogopi. Kwamba maisha yamo mikononi mwa Mungu. Kwamba asubiri, kwani subira huvuta heri. Sina neno juu ya sala: taifa zima liliitwa kusali kwa siku tatu, tangu tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020, na katika siku hizo wengi walipata faraja ambayo hakuna duka liiuzalo. Lakini nasaha isemayo kwamba hofu ni dosari ya imani ina madhara matatu ambayo msemaji wake hayakusudii. Kwanza, humwongezea mwenye dhiki dhiki ya pili, kwa kuwa sasa anaogopa maradhi na anaogopa pia kwamba Mungu amechukizwa na kuogopa kwake. Pili, humfundisha kuficha. Naye aliyezoea kuificha hofu yake hatauliza asichokijua, hatakiri kwamba glavu imepasuka, hatasema kwamba kifua kinamwuma, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, nasaha hiyo huwaachilia walio wazima deni lao, kwa sababu ikiwa taabu ya mwanafunzi ni upungufu wa moyo wake, basi hapana mtu mwingine anayedaiwa kitu.

Wala dini zenyewe, zikisomwa kwa uangalifu, haziungi mkono nasaha hiyo. Katika zama za tauni ya Amwas, iliyoipiga nchi ya Sham mnamo mwaka wa 18 wa Hijra, Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa safarini kwenda huko, na alipopata habari ya tauni mahali paitwapo Sargh aliwakusanya masahaba, akashauriana nao kundi baada ya kundi, kisha akaamua kurudi na watu wake Madina. Abu Ubayda bin al-Jarrah, amiri wa majeshi ya Sham, alimlaumu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu. Naye Umar alimjibu kwamba anatoka katika kadari moja kuiendea nyingine, akampigia mfano wa mchungaji wa ngamia aliyefika bondeni, upande mmoja una majani na upande wa pili mkavu, ambaye popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari ya Mungu. Umar alirudi, na Abu Ubayda alibaki na askari wake mpaka tauni ikamwua. Na umma wa Kiislamu umewaheshimu wote wawili, kwa sababu mmoja alijizuia kuwaingiza watu katika hatari isiyowalazimu, na mwingine hakuiacha amana iliyokuwa mkononi mwake.

Miaka takriban mia tisa baadaye, mwezi wa Agosti 1527, tauni iliingia Wittenberg, mji wa Martin Luther, ambaye wafuasi wa mafundisho yake leo ni wengi katika Karatu na Mbulu, na ambao hospitali zao za Karatu na Haydom zimewapokea wagonjwa wa nchi hii. Chuo kikuu kikahamishiwa Jena, wanafunzi wakaondoka. Luther akabaki pamoja na mkewe Katharina, aliyekuwa mja mzito, na nyumba yao ikawa mahali pa kuuguzia. Lakini alipoulizwa na wachungaji wenzake kama yafaa Mkristo kuikimbia tauni, hakuwahukumu wote waliokwenda zao. Alifundisha kwamba asiye na mtu anayemtegemea aweza kuondoka bila dhambi, na mwenye dhamana ya wengine abaki. Na yule anayebaki atumie dawa, aifukize nyumba yake, na ajiepushe na mahali ambapo wajibu haumwiti, kwa maana kuidharau hatari ni kumjaribu Mungu. Mtu huyu na yule wa Sargh, ambao dini zao ni mbili na karne zao ziko mbali, walikutana katika fikira moja: kwamba hofu ina haki ya kusikilizwa, na kwamba amana ndiyo iamuayo hofu isikilizwe hadi wapi.

Wazee wa Olbalbal hawakuhitaji kuambiwa haya na Madina wala Wittenberg. Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, nyumbu kwa maelfu huja kuzaa katika mbuga za majani mafupi zilizo kandokando ya nchi yao, na ndama wa nyumbu huacha malishoni maradhi ambayo kwao hayana madhara, lakini yakimpata ng'ombe humwua. Kwa sababu hiyo Wamasai, kwa zama zisizohesabika, huyaacha majani mazuri kuliko yote ya mwaka, yakiwa mbele ya macho yao, wakaipandisha mifugo milimani kwenye baridi na malisho haba, mpaka ndama wa nyumbu wakue na hatari ipite. Mzee anayefanya hivyo humwomba Enkai, Mungu wa Wamasai, asubuhi na jioni, na hapana mtu katika boma lake aliyepata kumwambia kwamba kuhama kwake ni upungufu wa imani. Hofu yake ni elimu iliyorithiwa. Ameipa njia, ikawa busara. Basi kwa haki gani mjukuu wa mzee huyo, anayesita kuinamisha kichwa kwa sababu amejifunza jinsi maradhi yaendavyo, aambiwe kwamba elimu imemharibu?

Na katika nchi hiyo hiyo upo ushahidi wa jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha maneno yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Wamasai, ndui ikafuata ikawaangamiza wenyewe, na msafiri wa Kizungu Oscar Baumann, aliyefika Ngorongoro mwezi wa Machi 1892, aliandika habari za watu waliobakia mifupa na ngozi. Waliosalimika hawakusalimika kwa subira ya mtu mmoja mmoja. Wengi walipokewa na jirani na jamaa, na mifugo ilipoanza kurejea iligawanywa. Hata leo ukoo una desturi ya ewoloto, ambayo kwayo aliyefilisika kwa maradhi ya mifugo au ukame hukusanyiwa mitamba na watu wa ukoo wake apate kuanza tena. Tazama hekima iliyomo: aliyepoteza ng'ombe hawamwambii tu asubiri. Huitisha kikao, wakahesabu, wakatoa. Na baada ya kutoa ndipo wanapokuwa na uso wa kumwambia avumilie mpaka mitamba izae.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamefikia mahali pa jirani kwa njia nyingine. Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu walichokitoa mwaka 1984, walifundisha kwamba msongo humpata mtu anapokadiria kwamba yanayotakiwa kwake yamezidi alichonacho cha kuyakabili. Na katika maelezo hayo imo hoja kubwa ya maadili, kwani kama msongo ni mizani iliyoelemea, basi wako watu wenye uwezo wa kupunguza upande mmoja na kuongeza upande wa pili, na watu hao wana la kujibu. Kenneth Pargament naye, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alionyesha kwamba dini yenyewe hufanya kazi mbili zisizofanana katika dhiki: yupo anayemwona Mungu ni mwenzi wake na waumini ni jamaa zake, na huyo hupata nguvu, na yupo anayemwona Mungu ni mwenye kumwadhibu au kumtupa, na huyo dini humzidishia maumivu. Aghalabu mtu hachagui peke yake ni ipi kati ya hizo itakayomwingia moyoni. Humwingia ile anayotendewa na watu wa dini yake.

Kwa hiyo nasema kwamba subira ya mwanafunzi wa uuguzi si mali yake peke yake, na kwamba kumdai mtu subira hali hukumpa kitu cha kusubiria ni dhulma, hata ikisemwa kwa sauti ya upole. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulio nje ya wodi tumekuwa wepesi mno wa kuukadiria mzigo ambao hatukuugusa. Hospitali inayompokea mwanafunzi inadaiwa barakoa, glavu na maji kabla ya kumdai ujasiri. Mwalimu wa zamu anadaiwa kumwambia kwamba naye aliogopa siku zake za kwanza na angali anaogopa, na kumwonyesha jinsi mtu aogopaye avaavyo na avuavyo mavazi ya kujikinga bila kutetemeka. Imamu, padri na mchungaji wanadaiwa kumwombea kwa jina lake mbele ya waumini, na kumsikiliza faraghani pasina kumhukumu. Wazee wa boma wanadaiwa jambo ambalo ni lao tu kulitoa: kumpa mjukuu idhini ya kusimama mbali, na kumbariki kwa maneno badala ya kiganja, ili asichukue aibu juu ya hofu. Na serikali inadaiwa kusema kweli ya maradhi yaliyopo, kwa kuwa mwenye kuuguza hawezi kujilinda na kitu asichotajiwa.

Huenda mtu akasema kwamba kazi hii mwanafunzi aliitaka mwenyewe, na aliyeitaka kazi ameyataka na mashaka yake. Hoja hii ina ukweli nusu. Hakika alijitolea, na kujitolea kwake ndiko kunakoipa hofu yake heshima. Lakini aliyejitolea kwa ajili yetu hawi kwa sababu hiyo ametusamehe deni, bali amelikuza. Rufaida al-Aslamiyya, aliyepigiwa hema katika msikiti wa Mtume wakati wa vita vya Khandaq ili awauguze majeruhi, alijitolea. Na hema hilo lilisimamishwa mahali pa ibada, kwenye macho ya watu wote, ambapo umma haukuweza kusema kwamba kuuguza ni shughuli ya Rufaida pekee. Nakiri pia kwamba hata yote niliyoyataja yakilipwa, itabaki sehemu ya mzigo ambayo hapana jamaa wala serikali iwezayo kuipokea: saa ya alfajiri ambapo mgonjwa amekata roho mkononi mwa kijana, na kijana anatakiwa kumfumba macho, kumnyosha viungo, kuandika saa katika faili na kwenda kitanda kinachofuata. Hapo ndipo mahali pa haki pa tawakali. Imani haikuwekwa kuziba pengo la glavu. Iliwekwa kwa ajili ya saa hiyo, ambayo glavu zote za dunia haziiwezi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Lakini mwezi wa Machi wa mwaka huo huo, kabla ya tangazo hilo, maradhi ya Marburg yalikuwa yamezuka Kagera, yakamwua mhudumu wa afya miongoni mwa wengine, na mwezi wa Januari 2025 yalizuka tena mkoani humo. Maradhi yatakuja tena, na yatakapokuja yatawakuta vyuoni vijana wengine, wa Olbalbal na wa kwingineko, ambao bado hawajala kiapo. Tusiwaulize tena kama wanaogopa, wala tusiipime imani yao kwa jibu la suali hilo. Imani inayopaswa kupimwa siku hiyo ni yetu sisi tulio wazima, na kipimo chake kitakuwa kile tulichokiweka mikononi mwao kabla ya kuwaambia wasubiri.